Hesabu ya Jioni

Katika spidiwei, madereva wanne huzunguka uwanja wa mviringo mara nne, na kila kitu kinakwisha ndani ya dakika moja hivi. Pikipiki ni za cc 500, zinatumia methanoli, zina gia moja na hazina breki kabisa. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, na wa mwisho hana chake. Mchezo huu ulishika kasi Uingereza baada ya mashindano ya High Beech, karibu na London, Februari 1928. Leo ngome yake ni Poland. Afrika Mashariki tunayo motokrosi, kama ile ya Busiika nchini Uganda, lakini spidiwei hatuna. Anayetaka kumwelewa mtu anayekula kwa pikipiki katika pwani yetu ya kusini itambidi aende kijiweni, Mtwara Mjini, Mikindani au Kilambo kwenye kivuko cha Ruvuma, akamtazame bodaboda. Huko kinachoamua maisha ya dereva si mbio zake wala umahiri wake. Kinachoamua ni nani anabeba hasara ya siku mbaya. Hoja ya sura hii ni kwamba hasara hiyo humwangukia dereva kwa sababu mapato yake hayaonekani na mwenye chombo, na mengi tunayoyalaumu kwake yanatoka hapo.

Tuanze na yule wa Ulaya, maana kwake mambo yako wazi. Dereva wa spidiwei wa kulipwa ni mfanyabiashara mdogo aliyevaa kofia ngumu. Pikipiki ni zake, na kwa kawaida si moja. Injini ananunua, fundi anamlipa, gari la kuzibeba analijaza mafuta mwenyewe. Klabu humlipa zaidi kwa pointi, na mikataba mingine ina fedha ya kusaini mwanzoni mwa msimu. Ndiyo maana wenye majina hukimbia ligi mbili au tatu katika msimu mmoja, Poland, Sweden, Denmark, Uingereza, wiki nzima wako njiani. Ni maisha ya wasiwasi. Darcy Ward wa Australia, bingwa wa dunia wa vijana mara mbili, alipooza baada ya ajali ya Zielona Góra Agosti 2015 akiwa na miaka 23. Lakini angalia jambo moja: usiku ambao dereva hakupata pointi, anarudi mikono mitupu, ila klabu haimdai. Uwanja mzima umeona nani alivuka mstari akiwa wa kwanza na refa ameandika, kwa hiyo hakuna wa kubishana. Kwa kuwa kazi yake inahesabika, klabu inaweza kukubali kumlipa kulingana nayo.

Kijana wa Mtwara asiye na mtaji huchukua pikipiki ya mtu, kwa njia mojawapo kati ya mbili. Kwa hesabu, jioni anampelekea bosi kiasi walichopatana, mafuta anaweka mwenyewe, kinachobaki ni chake. Injini ikifa, mara nyingi ni shughuli ya bosi. Kwa mkataba, analeta kiasi cha kila siku kwa muda waliopatana, matengenezo yote yanamhamia yeye, na muda ukiisha anakabidhiwa pikipiki na kadi yake. Tuchukue mfano wa kupigia hesabu tu: pikipiki imenunuliwa Sh milioni 3, dereva analeta Sh 10,000 kila siku isipokuwa Jumapili, kwa mwaka mmoja na nusu. Atakuwa ameleta Sh 4,680,000. Hiyo milioni na ushei inayozidi ni riba, ingawa kijiweni hakuna anayeiita hivyo. Na siku anayokabidhiwa kadi, anakabidhiwa pikipiki ambayo cheni na meno yake vimeshabadilishwa, tairi la nyuma limelika hadi linang'aa, shokapu zinavuja, na injini imeanza kula oili. Amenunua chombo kwa bei inayopita ya kipya kisha akakipokea kikiwa kimechoka, tena uchovu wenyewe kaulipia yeye.

Ni rahisi kusema bosi ni mnyonyaji, na wapo wanaostahili jina hilo. Lakini mara nyingi bosi ni mwalimu, nesi au mama wa duka aliyekopa ili anunue hiyo pikipiki moja, na hofu yake ni ya kweli: pikipiki inaweza kuvuka mto Ruvuma isirudi. Tena pwani hii hii inajua makubaliano ya namna nyingine. Chombo cha uvuvi kikirudi, samaki huuzwa, gharama hutolewa, kinachobaki kinagawanywa kwa mafungu: la chombo na nyavu, la nahodha, na ya mabaharia. Bahari ikichafuka, mwenye chombo naye hapati kitu. Kwa nini basi wenye pikipiki wasigawane na madereva wao? Si kwamba wavuvi wana huruma zaidi. Samaki humwagwa mchangani mbele ya watu na bei yake inasikika na kila aliyepo, ilhali nauli ya kutoka Magomeni kwenda Ligula inaingia mfukoni bila shahidi. Bosi asiyeweza kujua dereva amepata ngapi hujilinda kwa kudai kiasi kilekile kila jioni, iwe mvua iwe jua. Dereva akisema "leo biashara mbaya", hakuna wa kumthibitishia, hata kama ni kweli tupu.

Hapo ndipo penye jibu la lawama ya kawaida, kwamba ajali za bodaboda zinatokana na ujeuri wa vijana. Ujeuri upo, na kofia inayoning'inizwa kwenye usukani badala ya kuvaliwa kichwani haina utetezi. Ila kiasi kisichobadilika kinageuza kila saa ya mwisho ya mchana kuwa mbio. Dereva aliyekwisha kufikisha hesabu saa nane anaweza kumkataa abiria wa tatu. Ambaye saa kumi na mbili bado anapungukiwa elfu nne anapakia mishikaki na kukimbia. Ni dereva yuleyule. Na umahiri anao: mtazame akiingia mchanga mzito wa Msimbati na abiria na ndoo ya pweza. Ameshapunguza upepo wa tairi, amekaa nyuma, moto hauachii, breki ya mbele haigusi, usukani anauacha ucheze kidogo bila kupigana nao. Yule wa spidiwei naye hupinda kona gurudumu la nyuma likiteleza, usukani ukiwa umeelekezwa upande mwingine. Tofauti kubwa iko katika mazingira: spidiwei wote huelekea upande mmoja, hakuna lori la mbele, na viwanja vikubwa vina kuta za hewa kwenye kona. Walioandaa mchezo walikiri kwamba watu wataanguka, wakapanga kuanzia hapo.

Wengine watasema kwamba nalinganisha taaluma na kazi ya kupita, kwamba bodaboda anasubiri tu mtaji wa duka. Lakini hata Uingereza, madereva wengi wa ligi za chini wana kazi nyingine mchana, na hakuna anayesema kwa sababu hiyo kwamba hawastahili mkataba wa maana. Kazi ya miaka mitatu ikimvunja mtu mguu, mguu hauulizi kama alikuwa wa kudumu.

Je, mapato yakionekana, mambo yatabadilika? Kwa sehemu. Programu za simu huandika kila safari, lakini zinakuja na makato yake, na abiria wa Kitaya au Mahurunga husimamisha pikipiki kwa mkono. Mfano bora uko kwenye korosho. Msimu unapofika, kuanzia Oktoba hivi, dereva anayebeba magunia kutoka shambani hadi ghala la chama cha msingi analipwa kwa gunia, na gunia linapimwa na kuandikwa mbele ya mkulima. Wakati huo mapato ya dereva yanafanana na ya mvuvi: yanahesabika, na bosi mwenye akili anaweza kukubali fungu. Kifuku kikiingia, fedha za korosho zikakwisha na njia za vijijini zikawa tope, hesabu inabaki ileile. Njia nyingine ya kuikwepa hesabu hiyo ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo asilimia 4 kati ya hizo 10 ni za vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa 2023 na kurudishwa 2024. Haina riba, na vikundi vingi vya vijana hupenda kuombea pikipiki. Marejesho yake hayadaiwi kila jioni, jambo ambalo peke yake linaruhusu siku nzuri kuifidia mbaya. Halmashauri za ukanda wa korosho zikitaka kwenda mbele zaidi, zinaweza kupanga marejesho makubwa yawe Novemba na Desemba, na madogo kati ya Februari na Aprili, kwa kuwa tarehe za minada ya korosho zinafahamika na mvua hazimshtui mtu.