Chumvi ya Damu na Ubongo Uliovimba

Barabara ya kutoka Usa River kuingia mjini Arusha haina siku ya mapumziko. Tangu alfajiri pikipiki za abiria hupishana na malori, na dereva asiyevaa kofia ngumu akianguka, mara nyingi kichwa ndicho kinachoumia. Jamaa zake humkimbiza Hospitali ya Mount Meru, na pengine hupelekwa KCMC, Moshi. Katika chumba cha wagonjwa mahututi hushangazwa na jambo moja: damu ya ndugu yao hutolewa tena na tena ikapimwe chumvi. Chumvi na kichwa vimekutania wapi?

Fuvu ni mfupa, nalo halitanuki. Ubongo ukivimba hukosa nafasi, ukajibana wenyewe na kuzuia damu isiufikie. Sasa, maji ya mwilini hufuata chumvi iliko nyingi. Mama anayetia chumvi katika vitunguu vya kachumbari ameyaona maji yakichuruzika bakulini. Huo ndio mvuto wenyewe. Damu ikipungukiwa chumvi, maji huihama na kuingia katika ubongo, na uvimbe huzidi.

Chumvi kuu ya damu ni sodiamu. Kwa mtu mzima mwenye afya ni milimoli 135 hadi 145 katika kila lita. Ndiyo maana daktari huliepuka dripu la maji ya sukari kwa mgonjwa wa namna hii: sukari hutumika mwilini, yakabaki maji matupu. Dripu la kawaida lina gramu 9 za chumvi kwa lita; la kupunguza uvimbe huweza kuwa na gramu 30. Dawa nyingine ni manitoli, ambayo huyavuta maji kutoka katika ubongo na kuyatoa kwa njia ya mkojo.

Lakini mkojo huo hauendi peke yake. Huchukua sodiamu na potasiamu pia, na potasiamu ikishuka mno, au ikipanda mno, mapigo ya moyo huvurugika. Aidha, ubongo ulioumia huweza kuzikosesha figo amri: mgonjwa mmoja hukojoa lita nyingi za mkojo mwepesi kama maji, mwingine huyazuia maji mwilini. Kwa hiyo muuguzi hupima mkojo kila saa, kazi isiyo na sifa, ambayo kwa maoni yangu yastahili kusifiwa.

Haraka nayo ina hatari. Sodiamu iliyokuwa chini kwa siku kadhaa ikipandishwa ghafla, utando wa mishipa ya fahamu huharibika. Madaktari hujitahidi isipande zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa siku nzima.

Tunajua desturi yetu: mgonjwa haachwi bila kitu kinywani. Jamaa huja na mtori katika chupa ya chai, au dafu. Mgonjwa asiye na fahamu huweza kupaliwa, kinywaji kikaingia mapafuni. Na dafu lina potasiamu nyingi, jambo baya ikiwa figo zimechoka. Kila kinacholetwa apewe muuguzi, aamue na akiandike.

Kuna kitu kingine cha kuleta kutoka nyumbani, nacho husahauliwa sana: vidonge vya shinikizo la damu alivyokuwa akimeza mgonjwa. Baadhi yake ni vya kukojoza, na huenda vilikwisha kupunguza chumvi zake kabla hajaanguka. Viletwe na pakiti yake.