Faida Huanzia Mnadani

Mimi sifugi ili kundi liongezeke. Nanenepesha ng'ombe wa nyama hapa Shinyanga, sina kazi nyingine, na ada za watoto zinatoka zizini.

Nanunua mnadani madume waliokonda wakati wa kiangazi, bei inaposhuka kwa sababu malisho yamekauka. Kukonda peke yake si ugonjwa. Namfunua kila dume mdomo nione meno, kwani ng'ombe mzee hula sana lakini nyama haiongezeki. Nataka kiunzi kikubwa, macho maangavu, pua yenye unyevu. Nikipapasa chini ya sikio nikakuta tezi imevimba, namwacha hata kwa bei ya kutupa: huenda ni ndigana kali, inayoenezwa na kupe.

Nyumbani naanza na dawa ya minyoo, josho, majani makavu na maji ya kutosha. Mashudu ya pamba, pumba za mpunga na molasi naongeza kidogo kidogo. Ukimjazia vyakula hivyo ghafla, tumbo huchachuka na anaweza kufa. Hapa ndipo wageni wa kazi hii hupoteza mtaji, na inaniuma kuona.

Baada ya miezi mitatu hivi, kasi ya kunenepa hupungua ilhali ulaji uko palepale. Wapo wanaosubiri bei ya sikukuu. Mimi nashauri uuze. Kabla ya kukata kibali na kupakia lori kwenda mnada wa Pugu, Dar es Salaam, napiga simu kuulizia bei, kisha natoa bei niliyonunulia, nauli, ushuru na mashudu. Kinachobaki ndicho mshahara.