Klabu ya Mpira na Wajibu Wake kwa Umma

Wako watu ambao hadi leo huuona mpira wa wanawake kuwa kichekesho cha kupotezea jioni. Historia ya mchezo huo mjini Kigali yalikanusha wazo hilo.

Tuanzie Gikondo, mtaa wa vilima katika wilaya ya Kicukiro, ambao bonde lake lilikuwa kwa miaka mingi eneo la viwanda na maghala. Tarehe 9 Aprili, 1994, Watutsi waliokimbilia kanisa la Wapallotti mtaani humo waliuawa. Kwanza waliingia askari wenye sare, wakakagua vitambulisho. Kisha wakaja Interahamwe na mapanga. Na hao Interahamwe walitoka wapi? Sehemu ya mizizi yao ilikuwa katika vilabu vya mpira vya vijana wa Kigali. Wanasiasa wa chuki waliwakuta vijana wamekwisha kujipanga, wana viongozi, wana utii na mshikamano, wakawageuza kuwa wauaji. Basi klabu si jambo dogo. Ni chombo, na chombo humtii anayekishika.

Mwaka 2003 chombo hicho kilishikwa na mikono mingine. Bibi Félicité Rwemarika alianzisha Chama cha Wanawake wa Kigali katika Michezo, kijulikanacho kama AKWOS. Kwa njia ya mpira, chama hicho kiliwakutanisha wanawake walionusurika mauaji ya kimbari na wale ambao waume zao walikuwa gerezani kwa kushiriki mauaji hayo. Wengi walinong'ona kwamba mpira ni wa wanaume. Lakini uwanjani kuna sheria isiyokwepeka: mchezaji anayemnyima mwenzake mpira kwa chuki huiangusha timu yake mwenyewe. Hivyo watu ambao hawakuweza kusalimiana njiani walilazimika kuitana, kusaidiana, na hatimaye kuzungumza.

Kazi hiyo ilizaa matunda. Timu ya wanawake ya AS Kigali, klabu iliyosaidiwa na Jiji la Kigali, imetwaa ubingwa wa Rwanda mara nyingi kuliko timu nyingine yoyote ya wanawake. Mwaka 2014 timu ya taifa iliingia katika michezo ya kufuzu ubingwa wa Afrika, ikapambana hata na Nigeria. Julai 2018 Kigali ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya wanawake ya Afrika Mashariki na Kati, ambayo Tanzania ilishinda. Oktoba mwaka huo huo Bibi Rwemarika alichaguliwa kuwa mjumbe wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Hata hivyo, nia njema peke yake haiendeshi klabu. Msichana anayelazimika kuchagua kati ya mazoezi na mkate wa siku ataacha mazoezi, na hakuna wa kumlaumu. Klabu huhitaji uwanja, usafiri, matibabu na ajira. Hapa ndipo majeshi yanapoweza kutoa msaada mkubwa. JKT Queens, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa la Tanzania, ilitwaa ubingwa wa vilabu vya wanawake vya kanda yetu nchini Uganda mwaka 2023, ikaenda kushindania ubingwa wa Afrika nchini Ivory Coast. Nidhamu ya kambi ilikutana na kipaji cha wasichana, na taifa zima likafaidika.

Ndugu askari, ninyi mnajua thamani ya kikosi kinachoaminiana. Pale Gikondo, mwenye sare aliuliza kabila la mtu, na watu wakafa. Basi wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba sare na klabu havitumiwi tena kuwatenga watu. Viwanja vya kambi vifunguliwe kwa mabinti wa mitaa ya jirani. Askari wa kike wanaocheza wapewe nafasi. Na kila klabu ilindwe isiangukie mikononi mwa wachochezi. Huo nao ni ulinzi wa taifa.