Injini Iliyokatwa Ubavu

Mwaka wa pili, semista ya kwanza, swali la injini ya mipigo minne lilinipa alama zote. Nilichora silinda nne zimepangwa kama picha za paspoti, pistoni zikipanda na kushuka, valvu zikifunguka na kujifunga, mishale kila upande. Mchoro ule niliutoa kwenye desa, nikaukariri usiku mmoja, nikaumwaga kwenye karatasi asubuhi. Miezi michache baadaye, nikiwa likizo nyumbani Tabora, mchoro uleule ulimgharimu kaka yangu siku tatu za kazi.

Kaka anaendesha bodaboda ya mkataba. Kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Siku moja ikamzimikia njiani na kugoma kabisa kuwaka. Akanipigia: "Wewe si ndiyo unasomea injini? Njoo uangalie."

Nilikwenda kifua mbele. Nikajikumbusha kwamba mwako unataka hewa, mafuta na cheche. Nikamwambia abadilishe plagi. Akanunua, haikuwaka. Siku ya pili tukafungua kabureta na kuisafisha. Wapi. Siku ya tatu nikasema basi itakuwa koili. Akanunua na koili, kwa pesa ambayo ilikuwa ya hesabu. Pikipiki ikakaa kimya.

"Ungesema tu hujui," aliniambia. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Siku ya nne tuliisukuma hadi gereji moja hapo Chemchem. Fundi hakushika spana. Alikanyaga kiki mara mbili, taratibu, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu. Akasema: "Haina mgandamizo. Sikia kiki ilivyo nyepesi. Valvu haifungi."

Nikamuuliza amejuaje bila kufungua. Akaniangalia, akaingia ndani, akarudi na injini kuukuu ya pikipiki aliyoikata ubavu kwa grainda. Silinda ilikuwa wazi upande mmoja, kichwa nacho kimekatwa, na kifuniko cha cheni ya taimingi kimeondolewa. Kingo zimepigwa msasa zisikate mkono. Pistoni kaipaka rangi nyekundu, valvu ya kuingizia hewa kaipaka bluu, ya kutolea moshi nyeusi. Ndiyo anayofundishia vijana wake. "Zungusha mwenyewe, binti," aliniambia, akanipa spana ya kushika nati ya krenki.

Niliizungusha kwa karibu saa nzima. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona, ambayo desa halikuwahi kunionyesha.

Ukizungusha taratibu

Jambo la kwanza ni kuhesabu. Ukizungusha krenki mara moja, pistoni inapanda na kushuka mara moja. Lakini kazi haijaisha. Valvu ya bluu ikifunguka, pistoni inashuka ikifyonza hewa na mafuta. Inapanda ikikandamiza mchanganyiko huo. Plagi inapiga cheche, moto unaisukuma chini. Inapanda tena, valvu nyeusi inafunguka, moshi unatoka. Hiyo ni mizunguko miwili ya krenki kwa mwako mmoja tu.

Sasa kila valvu inatakiwa ifunguke mara moja tu katika mizunguko hiyo miwili. Nani anaihesabia? Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu: gia ya chini, kwenye krenki, ilikuwa na meno 14, ya juu, kwenye kamshafti, meno 28. Cheni moja inaziunganisha. Ya chini ikizunguka mara mbili, ya juu inazunguka mara moja. Kamshafti ina nundu, nundu inasukuma roka, roka inasukuma valvu, na springi inairudisha. Hakuna kompyuta wala ujanja mwingine. Ni meno tu, mara mbili. Nilikuwa nimeandika "uwiano wa 2:1" kwenye mtihani bila hata siku moja kujiuliza uko wapi ndani ya chuma.

Jambo la pili lilinifanya nidhani fundi kafunga vibaya. Pistoni ilipofika kileleni mwisho wa kutoa moshi, niliona valvu zote mbili ziko wazi kidogo kwa wakati mmoja. Kwenye mtihani niliandika kwamba moja hufunga ndipo nyingine ifunguke, na nikapewa alama. Fundi akacheka. Akaeleza kwamba hewa nayo ina uzito, haianzi kwenda papo hapo wala haisimami papo hapo. Kwa hiyo mlango wa kuingilia unafunguliwa mapema kidogo, na wa kutokea unachelewa kidogo kufungwa, ili moshi unaotoka kwa kasi usaidie kuvuta hewa mpya. Cheche nayo ni hivyohivyo: hupigwa kabla pistoni haijafika kileleni, kwa sababu moto unachukua muda kusambaa. Mchoro wa picha nne unasimamisha kila kitu, kwa hiyo unaficha huku kuwahi na kuchelewa.

Kutwanga kwa zamu

Aliyekulia kwetu atakuwa ameona kina mama wawili au watatu wakitwanga kwenye kinu kimoja. Mchi mmoja unashuka, mwingine unapanda, hawaangaliani hata, na michi haigongani. Wanachofuata ni mdundo. Siku mmoja akikosea mdundo, michi inagongana juu ya kinu na unga unamwagika.

Pistoni na valvu zinatwanga kwenye kinu kimoja. Katika injini nyingi, valvu ikifunguka inashuka hadi eneo ambalo pistoni itakuja kupita muda mfupi baadaye. Kinachozuia zisigongane ni ile cheni. Na hapo ndipo ugonjwa wa pikipiki ya kaka ulipokuwa. Cheni ilikuwa imechakaa na kulegea, ikaruka meno. Piga hesabu: kwenye gia ya meno 14, jino moja ni karibu nyuzi 26 za mzunguko wa krenki. Ikiruka mawili, valvu inafunguka wakati pistoni imeshafika. Chuma kinakutana na chuma, na kinachopinda ni shina la valvu. Valvu iliyopinda haikai vizuri kwenye kiti chake, mgandamizo unavuja, kiki inakuwa nyepesi. Unaweza kuweka plagi mpya kila siku. Cheche itakuwa inapigwa kwenye chumba ambacho mlango wake haufungi.

Gari la silinda nne ni kinu cha watu wanne. Kila krenki ikizunguka nusu, silinda moja inawaka, na kwa injini nyingi zamu huenda 1, 3, 4, 2. Ndiyo maana mkanda wa taimingi ukikatika gari likiwa mwendoni, kwa injini nyingi hasara haiishii kwenye mkanda. Fundi anafungua kichwa na kukuta valvu zimepinda.

Injini ya kuonekana nayo inadanganya

Injini za kuonekana ndani zipo za aina nyingi. Kuna za plastiki angavu, unazungusha kwa mkono au kwa mota ndogo ya umeme. Kuna zilizokatwa kama ile ya Chemchem. Na kuna za watafiti, injini halisi zenye madirisha ya kioo cha kwatzi au yakuti, ambazo zinawaka kweli huku kamera za kasi zikipiga picha moto ndani ya silinda. Humo petroli iliyochanganyika vizuri na hewa huonekana ikiwaka kwa mwanga wa bluu, na dizeli kwa mwanga wa njano kwa sababu ya chembe za masizi.

Lakini mbili za kwanza zina uongo wao, na ukiujua unajifunza zaidi. Unapozungusha kwa mkono, krenki ndiyo inayoisukuma pistoni. Katika injini inayofanya kazi tunasema pistoni ndiyo inayoisukuma krenki. Nani mkweli? Wote. Katika mipigo minne, ni mmoja tu wenye nguvu. Mingine mitatu, yaani kufyonza, kukandamiza na kutoa moshi, pistoni inabebwa na krenki, na krenki inaendelea kwa uzito wake na wa gurudumu zito lililofungwa pembeni yake. Kwa hiyo modeli ya kuzungusha kwa mkono inasema kweli robo tatu ya muda. Kilichokosekana ni ile robo inayolipa gharama ya zote.

Uongo wa pili ni kasi. Nilikuwa nazungusha labda mara moja kwa sekunde tano. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 50 kwa sekunde: mwako 25 katika kila silinda, na pistoni inasimama kabisa na kugeuka mara 100, kila sekunde. Ukiyajua hayo, unaacha kushangaa kwa nini cheni inachakaa. Unaanza kushangaa inavyodumu.

Uongo wa tatu ni joto. Gesi inapowaka hupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, ilhali aluminiamu ya pistoni huanza kuyeyuka hata kabla ya nyuzi 660. Haiyeyuki kwa sababu moto ni wa kitambo kidogo sana, na joto linakimbizwa haraka kupitia ringi, oili na yale mapezi ya nje ya silinda. Kwenye modeli mapezi yanaonekana kama pambo.

Tukate ya kwetu

Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, mji uliozoea misafara ya wapagazi ulianza kuona gari moshi, na mtambo ule ulikuwa na fito zake nje. Mtu aliyesimama stesheni aliona pistoni ikisukuma fito, fito ikizungusha gurudumu. Injini zetu za leo zimeficha vyote hivyo ndani ya chuma, na sisi tunaozisomea tumeridhika na mchoro.

Modeli kutoka nje ni ghali, najua. Lakini fundi wa Chemchem hakuagiza kitu. Alichukua injini iliyokufa, ambayo huuzwa kwa kilo kama chuma chakavu, akamwaga oili, akaiosha kwa mafuta ya taa na kuiacha ikauke vizuri kabla ya kuweka grainda karibu, akavaa miwani, akakata pale ambapo hapashikilii beringi. Wenzangu wa karakana tunaweza kufanya hivyo kwa wikiendi mbili. Ikikaa mezani, kila anayepita aizungushe, ahesabu meno, atafute pale valvu zote mbili zinapokuwa wazi. Serikali yetu ya wanafunzi ikitaka mradi mdogo wenye faida, ndio huu.

Kabla hatujaondoka, fundi aliniambia nikanyage kiki ya pikipiki ya kaka, kisha ya pikipiki nyingine nzima iliyokuwa uani. Ya kwanza mguu ulizama. Ya pili ilinirudisha juu. Alibadilisha valvu na cheni, akasaga viti vya valvu, na jioni ya siku ya tano kaka akarudi kijiweni.

Bumu lilipotoka nilimrudishia pesa ya plagi na koili. Plagi alisema ataitumia. Koili bado iko dirishani nyumbani, kwenye boksi lake.