Mpingo Hupimwa kwa Sikio

Mjomba wangu, mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, aligeuza panga akagonga shina kwa mgongo wa panga hilo, tukasikiliza. Mlio mfupi na mkavu, moyo wa mti ni mzima. Ukivuma kama ngoma, ndani mna uwazi. Asubuhi ile, katika pori la Kilwa, tuligonga mipingo mitatu; miwili ikavuma.

Nilidhani ni mchwa. Kumbe mara nyingi ni moto. Nyasi zikishakauka kabisa, kuelekea Septemba na Oktoba, moto wa mrina asali au wa mwenye shamba huwaka kwa ukali, hubabua gome, kisha uozo huingilia kwenye kidonda. Miche nayo huungua hadi chini, ikachipua tena mizizini, ikaungua tena mwaka unaofuata. Na mti huu huchukua miaka 70 hata 100 kufikia unene wa kuvunwa! Ndio unaochongwa vinyago vya Kimakonde, na Ulaya hutengenezea klarineti.

Tishio si moto pekee. Daraja la Mkapa kwenye Mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, malori ya magogo yaliongezeka kusini. Sheria ya Misitu ya 2002 ilikuwa imeshaviruhusu vijiji kumiliki misitu yao, lakini nani angejua kijiji kina mipingo mingapi? Shirika la MCDI la Kilwa Masoko, lililotokana na utafiti ulioanza miaka ya 1990, lilikaa na wanakijiji kupima na kuhesabu, ndipo wakajua wavune mingapi. Mwaka 2009 misitu ya Kikole na Kisangi ikapata cheti cha usimamizi bora wa misitu cha FSC, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mimi naliona hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyolisimulia.

Moto nao wanakijiji wameusoma. Hawajaribu kuuzuia wote, wanauwahi. Masika yakiisha, nyasi zikiwa bado na ubichi, huchoma wenyewe. Niliwafuata siku moja: miali ya magotini, ikitambaa polepole, umande wa jioni ukaizima. Kesho yake mjomba aliniita, akafukua majivu kwa ncha ya panga. Mche mwembamba kama penseli, wenye miiba, majani ya chini yamesinyaa. Ya juu bado mabichi.