Je, Wajua? Simu, Gemu na Dubwi

Je, wajua kwamba jina "uraibu wa intaneti" lilianza kama mzaha? Mwaka 1995 Ivan Goldberg, daktari wa akili wa New York, aliandika dalili za ugonjwa wa kubuni ili kuwatania wenzake. Waliosoma wakaanza kukiri kwa dhati kwamba wanaumwa. Mwaka uliofuata mwanasaikolojia Kimberly Young aliwasilisha utafiti wake mjini Toronto, kisha akatunga kipimo cha maswali 20 kinachotumika hadi leo.

Je, wajua kwamba Tanzania nayo imeshalichunguza jambo hili? Mwaka 2020 jarida la BMC Psychology lilichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa udaktari na fani za afya kaskazini mwa nchi. Lakini hao ni watu wa chuo, wenye simu zao mfukoni. Mtoto wa miaka 14 wa Bariadi au Maswa mara nyingi hushika simu ya mama au ya kaka, kwa bando la kugawana. Ukimpima uraibu kwa kumhesabia saa tu, utakosea.

Je, wajua kwamba Shirika la Afya Duniani halihesabu saa? Uraibu wa gemu uliingia katika orodha yake mpya ya magonjwa, iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 1, 2022. Dalili ni tatu: kushindwa kujizuia, gemu kutangulia mbele ya kila kitu, na kuendelea kucheza hata madhara yanapoonekana. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12. Kijana anayecheza Jumamosi nzima, kisha jioni akarudisha ng'ombe zizini na Jumatatu akawahi shule, hana ugonjwa. Anayepaswa kututia wasiwasi ni yule aliyeacha mpira, marafiki na daftari, na akinyang'anywa simu hapati usingizi wala hasemezeki. Vijana wana neno lao kwa hali hiyo: arosto.

Je, wajua kwamba waraibu halisi wa gemu ni wachache? Utafiti wa mwaka 2017 uliohusisha watu wazima karibu 19,000 wa Marekani, Uingereza, Kanada na Ujerumani ulikuta kwamba huenda kati ya asilimia 0.3 na 1 tu ndio wangefikia vigezo. Mzazi, usikimbilie fimbo.

Je, wajua kwamba Korea Kusini ilijaribu sheria? Kuanzia 2011 watoto chini ya miaka 16 walizuiwa kucheza gemu za mtandaoni tangu saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Sheria hiyo ilifutwa kufikia 2022.

Je, wajua kwamba isolo, bao la Wasukuma, si rahisi limfunge mtu kama gemu ya simu? Lina mpinzani anayechoka, na kete zikiisha mchezo umeisha. Gemu ya simu haina mwisho wala mpinzani anayeaga kwenda kulala.

Je, wajua kwamba dubwi, mashine ya kamari inayomeza sarafu, inaweza kuwa hatari kuliko gemu ya simu? Mwanasaikolojia B.F. Skinner alionyesha kwamba njiwa anayepewa punje bila mpangilio hudonoa kwa ung'ang'anizi kuliko anayepewa kila mara. Dubwi limejengwa juu ya siri hiyo hiyo: sarafu kumi zinamezwa, ya kumi na moja inarudisha kidogo, na mtoto anaamini yuko karibu kushinda. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliuhamishia uraibu wa kamari katika kundi moja na pombe na dawa za kulevya; gemu za intaneti wakaziacha kwenye orodha ya mambo ya kuchunguzwa zaidi. Hapa kwetu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 inamzuia aliye chini ya miaka 18. Msimu wa pamba ukifunguliwa, pesa hujaa mitaani Bariadi, Meatu na Itilima, na sarafu za chenji hushikwa na watoto tunaowatuma dukani. Mwenye duka anayeacha sare ya shule isimame mbele ya dubwi anavunja sheria, na jirani anayenyamaza anamsaidia.

Ukimwona mtoto amekwama, kwenye simu au kwenye dubwi, keti naye kwanza. Ukishindwa, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haitozi hata shilingi.