Duniani Wawili Wawili

Juzi kivukoni Likoni nilimshika kijana bega, nikamwita kwa jina la mpwa wangu. Aligeuka akanitazama, kisha akasema kwa adabu, “Shikamoo mzee. Umenifananisha.” Tulicheka, tukaachana. Lakini feri ilipong’oa nanga nilijiuliza: je, lau kosa lilo hilo lingetendeka usiku, katika kichochoro cha Kisauni, mbele ya umati unaomsaka mwizi?

Wataalamu wanatueleza kwamba upande wa chini na wa nyuma wa ubongo, hasa kuliani, ipo sehemu ishughulikayo na nyuso. Mwaka 1997 Nancy Kanwisher na wenzake, huko Marekani, walionyesha kuwa sehemu hiyo huchangamka zaidi mtu aonapo uso kuliko aonapo vitu vingine. Ubongo haulitazami jicho peke yake wala pua peke yake. Huutwaa uso mzima pamoja na mpangilio wake. Ndiyo sababu picha ya rafiki ikipinduliwa kichwa chini, twamtambua kwa taabu.

Uso wa jirani tumeuona mara elfu, juani na kivulini, ukicheka na ukinuna. Uso wa mgeni tumeuona mara moja tu. Na mwenye kutishwa kwa panga, macho yake huliandama panga, si uso wa aliyelishika.

Sheria yetu haikulisahau jambo hili. Mwaka 1953, katika kesi ya Abdalla bin Wendo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilihimiza tahadhari kubwa pale ushahidi wa utambuzi unapomtegemea shahidi mmoja. Katika kesi ya Anjononi ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema kuwa kumtambua umjuaye kunaaminika zaidi kuliko kumtambua mgeni. Hata hivyo, mimi nilimkosea mpwa wangu mchana kweupe!

Basi ndugu zangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, mtu akipaza sauti “Ndiye huyu!”, tuizuie mikono yetu. Hakika ya moyo si ushahidi. Mshukiwa na afikishwe polisi, na shahidi aulizwe: ulimwona kwa mwanga gani, kwa umbali gani, kwa muda gani?

Mimi niliomba radhi, yakaisha. Aliyeuawa kwa kufananishwa, ni nani atakayemwomba radhi?